Kurudisha Gharama za Gari la Kujiundia kwa Kuuza Spea Zilizobaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu anayeunda gari kutoka kwenye seti ya kiwandani hununua vitu viwili: seti yenyewe, yaani fremu na bodi mpya, na gari kuukuu la kubomoa ili apate injini, giaboksi, breki na mengineyo. Hapa hilo la pili tunaliita gari la spea. Ukishachukua unachohitaji, nusu ya gari hilo au zaidi inabaki sakafuni mwa gereji, na nusu hiyo ni pesa. Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaoanza.

Je, kweli naweza kurudisha pesa yote niliyonunulia gari la spea?

Inawezekana, na wapo wanaorudisha yote. Ila wengi hurudisha sehemu, na sehemu hiyo peke yake inatosha kubadilisha hesabu ya mradi mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari lote limekugharimu 100. Siti, milango, boneti na taa zikakuletea 50. Vitu vidogo vidogo vikaleta 20, na ganda, yaani bodi tupu iliyobaki, likaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa 5. Umerudisha 75, maana yake injini, giaboksi, difu, breki, usukani na waya zote vimekusimamia kwa 25. Sasa jiulize ungevinunua vitu hivyo kimoja kimoja dukani ungelipa ngapi. Hilo ndilo swali la maana kuliko "je, nimerudisha yote?"

Hesabu hiyo haina saa zako za kazi, na saa ni nyingi. Mwenye gereji yake na anayependa kushika spana atafurahia. Anayelipia nafasi ya kuegesha kila mwezi atakuta kodi inakula faida, kwa hiyo kwake uamuzi wa kuuza polepole au haraka ni tofauti kabisa.

Ni vitu gani hasa hubaki?

Inategemea seti. Kabla hujanunua chochote, chukua mwongozo wa seti yako na uandike orodha ya kila kitu kinachotoka kwenye gari la spea. Kisichomo kwenye orodha ndicho mtaji wako.

Angalia jinsi magari yanavyotofautiana. Meyers Manx iliyouzwa zaidi katika miaka ya 1960, gari la mchangani lililoanzisha mtindo mzima wa bodi za faiba juu ya Volkswagen Beetle, ilitumia sakafu ya Beetle iliyofupishwa pamoja na injini na giaboksi yake. Bodi yote ya chuma ilibaki: fenda, milango, boneti, vioo. Seti ya Exocet hutumia Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza au cha pili, na huchukua mitambo karibu yote pamoja na saspensheni. Kinachobaki ni bodi, vioo, paa la turubai na sehemu kubwa ya vitu vya ndani.

Seti ya Factory Five 818 hutumia Subaru Impreza za miaka ya 2002 hadi 2007, na ina jambo la pekee. Impreza huendesha magurudumu yote manne, lakini 818 huweka injini nyuma ya dereva na kuendesha magurudumu ya nyuma tu. Kwa hiyo shafti ndefu ya katikati na difu ya nyuma havina kazi tena. Difu hiyo ina wateja wake, kwa sababu mwenye Subaru iliyoua difu anaitafuta ikiwa nzima. Mjenzi asiyejua hili huiacha chini ya ganda, ikaondoka kwa bei ya chuma.

Nichague gari la spea la namna gani ili nipate zaidi?

Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea. Uuzaji wenyewe unakuja baadaye sana; faida kubwa imeshaamuliwa siku ulipolipa.

Watu wengi hutafuta gari la bei ya chini kuliko yote. Tafuta badala yake gari ambalo hitilafu yake iko kwenye kitu usichokihitaji *na* ambacho hakiuziki sana. Ajali nyingi za barabarani huharibu upande wa mbele, kwa hiyo bampa za mbele, taa kubwa, fenda, boneti na redieta ndizo zinazoulizwa kila siku. Gari lililogongwa nyuma lina vitu hivyo vyote vikiwa vizima, lakini bei yake imeshuka sawa na lililogongwa mbele. Ukilipata, na mitambo yake haijaguswa, usilale.

Gari lenye kutu kwenye vizingiti na sakafu pia ni zuri, maana ganda hulihitaji. Mitambo, siti, dashibodi na vioo haviathiriki sana na kutu ya sakafuni. Kagua tu bolti za saspensheni, kwa sababu kutu iliyokula ganda mara nyingi imezishika na hizo, na utatumia siku nzima kupambana na bolti moja.

Gari lililopinduka huuzwa kwa bei ya kutupa, na mitambo yake huweza kuwa salama, lakini paa, vioo, milango na fenda zote zimeharibika. Utapata injini kwa bei nafuu bila kubakiwa na kitu cha kuuza. Lililozama kwenye mafuriko liache kabisa. Kompyuta ya injini, soketi za waya, beringi na mota ndogo zote zinakuwa na mashaka, na wewe mwenyewe utakuwa unaunda gari jipya kwa waya zilizooza kwa ndani.

Zaidi ya hapo, nunua gari ambalo bado linatembea ikiwezekana, na lililopendwa na wenye magari ya aina hiyo. Gari lenye mashabiki wengi lina soko la kila kitu, hadi kifuniko cha taa ya ndani. MX-5 ni mfano mzuri: paa gumu la kiwandani ndilo kitu cha thamani kubwa miongoni mwa mabaki yake, na lile la kizazi cha kwanza na la kizazi cha pili yanaingiliana. Likija na gari unalolinunua, usimwambie muuzaji maneno mengi.

Nianze kutangaza lini?

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Gari likiwa bado zima unaweza kuthibitisha mambo ambayo baadaye hutaweza. Rekodi video ukiliwasha asubuhi injini ikiwa ya baridi. Rekodi ukiendesha na kubadilisha gia zote, vioo vikipanda na kushuka, taa zikiwaka, kiyoyozi kikipuliza baridi, redio ikipiga. Onyesha dashibodi ili kilomita zionekane. Ikiwa unaiuza injini kwa sababu seti yako inatumia nyingine, pima kompresheni ya kila silinda na uandike namba zote.

Mota ya kioo iliyo mezani ni kipande cha chuma tu machoni pa mnunuzi. Mota hiyo hiyo yenye video ya kioo kikipanda ni spea nzima, na haina ubishi wa bei.

Nikilibomoa, nifuate utaratibu gani?

Toa kwanza vya ndani na vioo, kisha milango na bodi, mwisho mitambo. Sababu ni kwamba vitu vya ndani huharibika haraka gari likishafunguliwa, na kitambaa chenye alama ya grisi hakirudi kuwa kipya.

Usikate waya. Chukua mlango kama mfano. Kati ya mlango na nguzo kuna mpira uliojikunja unaofunika waya za kioo, kitasa na spika. Anayeharakisha hupitisha koleo hapo na kukata vyote kwa mara moja. Uvute mpira ule taratibu na ufuate waya hadi ndani. Utakuta soketi, kila moja ina ulimi mdogo wa plastiki. Bonyeza ulimi kwa bisibisi nyembamba na soketi itaachia. Mlango wenye soketi nzima hufungwa kwenye gari lingine mchana mmoja. Mlango wenye waya zilizokatwa unamtaka fundi wa umeme, na mnunuzi atakata gharama ya fundi huyo kwenye bei yako, mara nyingi kwa kuongeza kidogo.

Bolti za kila kitu zitie kwenye mfuko, andika jina juu yake, ufunge mfuko kwenye spea yenyewe. Watu hulipia bolti. Mtu anayefunga siti akiwa hana bolti zake halisi anateseka kuliko unavyodhani, na tangazo linalosema "bolti zote zipo" linasomeka vizuri.

Piga picha kila kitu kabla ya kukitoa, pembe tatu au nne. Picha hizo zitakusaidia mara mbili: kwenye tangazo, na siku utakaposahau paipu fulani ilipita wapi.

Vitu gani nisiuze haraka?

Chochote ambacho gari jipya huenda likakihitaji, hadi litakapowaka, kutembea na kusajiliwa. Wajenzi wengi huuza kwa shauku mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa sita wananunua kitu kile kile kwa mtu mwingine.

Vinavyosahaulika zaidi ni hivi: nguzo ya usukani na swichi zake, pedeli pamoja na mabano yake, wenzo wa breki ya mkono na nyaya zake, pampu ya mafuta na geji yake tangini, mota ya wipa, boksi la fyuzi na rilei, vihisi vyote vya injini, pamoja na mabano madogo ambayo kwa sura hayana maana. Waya zote ziweke zima kwenye boksi moja. Ufunguo, silinda ya ufunguo na kompyuta ya injini ni kitu kimoja kwenye magari yenye mfumo wa kuzuia wizi. Ukiuza kimoja umeua viwili.

Ni spea zipi hutoka haraka na zipi hulala?

Hutoka haraka: taa, vioo vya pembeni, siti zisizochanika, rimu zilizonyooka, bampa, boneti, altaneta, stata, redieta, usukani. Boneti ya MX-5 ya kizazi cha kwanza ni ya alumini, haili kutu kama ya chuma, na mnunuzi anayejua hilo haulizi mara mbili. Taa zake zinazoinuka, zilizokoma na kizazi hicho mwaka 1997, nazo hutafutwa pamoja na mota zake.

Hulala: mazulia, dari ya kitambaa, vioo vya dirisha la mlango, paneli za plastiki zenye mikwaruzo, tangi la mafuta, eksozi iliyozeeka. Usizitupe siku ya kwanza, lakini usizipangie pesa.

Kwenye rimu taja vipimo. Rimu za MX-5 za vizazi viwili vya kwanza zina bolti 4 kwenye duara la milimita 100. Impreza WRX za 2002 hadi 2007 zina bolti 5 kwenye duara la milimita 100, ilhali za STI, toleo lenye nguvu zaidi, kuanzia mwaka wa modeli wa 2005 zina duara la 114.3. Tangazo lisilo na vipimo hivyo hukuletea ujumbe mwingi na wateja wachache.

Bei nipangeje?

Angalia bei ambazo vitu vimeuzwa, si bei zinazoombwa. Tangazo lililokaa miezi minane ni ushahidi kwamba bei ile haifai. Baadhi ya masoko ya mtandaoni hukuruhusu kuona mauzo yaliyokamilika, tumia hizo.

Weka nafasi ndogo ya kupatana, maana kila mnunuzi atataka umpunguzie na ni haki yake. Kitu kisipopata hata swali moja kwa wiki kadhaa, kishushe. Kikipata maulizo kumi siku ya kwanza, umekiuza rahisi. Heshimu neno lako kwa aliyetangulia, kisha upandishe kinachofanana nacho.

Niuze kimoja kimoja au kwa jumla?

Kimoja kimoja huleta pesa nyingi na kazi nyingi. Mimi napendelea kugawa: vitu vikubwa vyenye thamani viuzwe peke yake, vidogo viende kwa mafungu yenye mantiki. Mtu anayebadilisha siti atataka pia mikanda na reli zake. Anayetengeneza mbele ya gari lililogongwa atachukua taa, bampa, fenda na redieta kwa pamoja, na atashukuru rangi zinafanana. Mwishowe, mabaki yote yapige bei moja kwa fundi anayeshughulika na aina hiyo ya gari. Atakupa kidogo, lakini atakufungulia nafasi.

Eabegi, gesi ya kiyoyozi na betri nifanye nini?

Hapa tafadhali usikimbilie pesa.

Eabegi ina kilipuzi ndani yake, na hata vikaza mikanda vya magari mengi vina kilipuzi. Chomoa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi yoyote, kwa sababu mfumo hubaki na chaji. Ukiitoa, ilaze uso ukiangalia juu, mbali na joto, na usiipime kwa mita ya umeme. Katika usafirishaji inahesabiwa kuwa bidhaa hatari, namba UN 3268, kwa hiyo haitumwi kama kifurushi cha kawaida. Eabegi nyingi zilizotengenezwa na Takata zilirudishwa kiwandani kwa hitilafu iliyoua watu. Angalia namba ya chasisi kwenye orodha ya mtengenezaji wa gari. Penye shaka yoyote, usiiuze. Ipeleke kwa wenye kibali cha kuiteketeza. Maisha ya mtu usiyemjua yanategemea uamuzi wako huo.

Gesi ya kiyoyozi isiachiwe hewani. R-134a, iliyotumika kwenye magari mengi tangu miaka ya 1990, hupasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, na nchi nyingi zimekataza kuimwaga. Mwite fundi mwenye mashine ya kuinyonya, kisha ufungue paipu na uzibe midomo yake mara moja, la sivyo unyevu utaingia na kompresa haitauzika.

Betri ya risasi na asidi hupokelewa na warejelezaji. Oili na kipozea injini vikusanye kwenye madumu yenye alama.

Na katalaiti?

Kifaa hiki cha kusafisha moshi kwenye eksozi kina metali za platini, paladi na rodi, ndiyo maana huibiwa. Ya kiwandani ina thamani kuliko ya dukani. Iuze kwa mnunuzi anayeandika namba iliyochongwa juu yake na anayekutaka uonyeshe umiliki wa gari. Huyo ndiye halali. Lakini hakikisha kwanza kwamba gari lako jipya halitaihitaji kwenye kipimo cha moshi.

Hati za gari la spea nizitupe?

Usithubutu. Zitunze pamoja na risiti ya kununulia, picha za gari likiwa zima na namba ya injini. Mamlaka ya usajili itataka kujua injini na mitambo imetoka wapi. Nchini Uingereza, kwa mfano, gari la kujiundia hupitia IVA, yaani ukaguzi wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa, na kiwango cha moshi linachopimiwa hutegemea umri wa injini uliothibitishwa. Bila ushahidi wa umri unaweza kupimwa kwa kiwango kikali zaidi.

Kibati cha namba ya chasisi usikiuze kwa bei yoyote ile. Anayekitafuta anataka kulipatia gari la wizi jina jipya. Gari likishavunjwa, taarifu mamlaka kwa utaratibu wa nchi yako ili ushuru na lawama visikufuate.

Mnunuzi akisema spea ni mbovu je?

Piga alama ya rangi mahali pasipoonekana na uandike namba za spea kabla haijaondoka. Ukiwa na video yake ikifanya kazi, mazungumzo huwa mafupi. Kama kweli ni mbovu, mrudishie pesa yake bila kuzungushana. Jamii ya wapenzi wa gari moja ni ndogo, na utawauzia watu hao hao tena.

Nisafirishe vipi?

Vidogo vitume, vikubwa waje wachukue. Kioo cha mbele kisafiri na mwenyewe tu. Giaboksi na difu zimwage oili yote na uzibe matundu, kwa maana kifurushi kinachovuja hurudishwa au hutozwa faini. Usitoe kitu kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mnunuzi. Fungua akaunti yako uone pesa imeingia. Anayelipa zaidi ya bei kisha kuomba chenji arudishiwe haraka ni tapeli.

Ganda lililobaki nilifanyeje?

Panga kuondoka kwake kabla hujalitoa magurudumu. Ganda lisilo na saspensheni haliviringiki, na mnunuzi wa vyuma chakavu asiye na winchi au kreni atakukatalia au kukutoza. Wengine hutengeneza mkokoteni wa mbao wenye vigurudumu. Ni kazi ya saa chache na inakuokoa sana.

Tenga metali kwanza. Alumini, shaba ya waya na chuma vikichanganywa hulipwa kwa bei ya chuma. Halafu tangaza ganda lenyewe siku chache: huenda kuna mtu anayehitaji kipande cha fenda ya nyuma au nguzo ya mlango, na yuko tayari kuja kukikata mwenyewe.

Spea zimebaki na hakuna anayezitaka. Nisubiri hadi lini?

Jiwekee tarehe unapoanza kubomoa, na uiandike ukutani. Tarehe ikifika, kilichobaki kigawe mafungu matatu: kinachoweza kuharibika kwenye gari lako jipya siku za mbele (stata, altaneta, vihisi, kalipa za breki) kiweke kwenye boksi moja la akiba, chenye uzito wa metali kiende kwa chakavu, kingine kipe chuo cha ufundi kilicho karibu, ambako mwanafunzi atajifunza kufungua mota ya wipa bila hofu ya kuiharibu. Boksi la akiba liandike orodha juu ya kifuniko, na lisizidi moja.